Hesabu ya Kitana

Asubuhi ya tatu ya Desemba, mjini Irbid,
jiko la gesi likikohoa katikati ya bweni,
nilihesabu: mia na arobaini na mbili
kwenye kitana, bila zile za bafuni
zilizojisokota tunduni kama buibui aliyezama.
Nilizifunga kwenye karatasi ya maswali ya anatomia,
nikazitia mfukoni kama hati ya deni.

Jioni, mitandio ikishaangikwa,
ndipo bweni letu hujua nani ana nini kichwani.
Taghrid wa sheria, mwaka wa nne, ndiye aliyeona:
"Utosi wako umeanza kuchungulia."
Akavuta droo. Kopo.
Suhair naye, kopo. Hata Lubna,
mwenye shungi zito kama kamba ya kisimani,
naye kopo: "Langu la kinga tu."
Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Hakuna aliyeandikiwa na daktari.
Huyu kaambiwa na binamu, binamu na msusi,
msusi na picha ya msichana anayecheka
hali upepo umembebea nywele.

Nami nikanunua. Dinari kumi na mbili,
fedha ya kitabu cha fiziolojia.
Kitabu nikaazima, kumbe sura ya tezi imechanwa.
Vitamini zenyewe pipi laini,
dubu wadogo wekundu, ladha ya stroberi,
wawili asubuhi, na usiku wa mtihani wanne.

Kaka yangu alicheka kwenye simu kutoka Ajloun:
"Si unazifunika? Nani anaziona?"
Mimi.
Mimi ninaziona.

Miezi miwili. Kucha zikaota kama zimetukanwa.
Nywele zikazidi kuhama, moja moja,
wapangaji waliopewa ilani.
Ngazi za maktaba zikaanza kunishinda pumzi.

Daktari Rousan alisoma karatasi ya damu,
akanitazama, akaisoma tena.
"Hapa tezi yako inakwenda mbio,
na wewe umekaa mbele yangu na makoti mawili.
Unameza nini?"
Simezi kitu, nikasema.
Kitu chochote?
Kimya. Kisha: "Dubu."

Hakucheka. Alisema vitamini ile
huweza kuidanganya mashine ya maabara,
nayo mashine haijui kuona haya.
"Waache dubu wako juma zima, urudi."

Nikarudi. Tezi ilikuwa imetulia mahali pake siku zote.
Ila ghala la chuma mwilini lilibaki vumbi.
Akauliza ninakula nini; mkate na chai.
Akauliza hedhi; nikatazama viatu vyangu,
nikajibu kwa vidole: siku tisa.
Siku tisa, kila mwezi, tangu kidato,
na sikuwahi kumwambia hata mama.
Nywele zilikuwa zikinisemea.

Sasa ninameza kidonge cheusi, kichungu,
kisicho na umbo la mnyama yeyote,
na mama hutuma dengu kwa basi la Alhamisi.

Kopo lilibaki na dubu kumi na saba.
Suhair aliwaomba.
Nilimweleza yote: mashine, damu, tezi, uongo.
Alisikiliza vizuri, akitikisa kichwa,
akitafuna.

Leo asubuhi: mia na ishirini na nane.
Sijui kama ni chuma kimeanza kushika,
au ni mkono wangu
umechoka kuhesabu.