Doa la Katikati

Lilianza kwenye pindo la gauni la bibi harusi:
mshono ukapinda, nikalaumu mashine.
Nikaitia mafuta, nikabadilisha sindano, nikabadilisha taa.
Kisha asubuhi moja mjukuu wangu Numbi akasimama mlangoni,
nikaona mabega, nikaona kikapu cha mikate,
uso sikuuona.
Mahali pa uso palikuwa na doa la kahawia
kama alama ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa.

Daktari wa macho, kule mjini, alinichorea jicho kwenye karatasi,
akasahau kwamba sitaliona.
Nyuma kabisa, alisema, kuna zulia la seli.
Lako limechakaa katikati,
pale mwanga unapokanyaga kila siku.
Mama Masengo, dawa ya hilo hatuna.
Alisema "hatuna" polepole,
kama mtu anayepima kitambaa akijua hakitatosha.

Basi nimejifunza kutazama kando.
Ukitaka kuona bukari, tazama ukingo wa sahani.
Ukitaka kumwona mtu, tazama sikio lake.
Hapa Katuba wapo wanaodhani nawadharau.
Faranga nazijua kwa mikunjo.
Na lile bomba la kiwanda, ambalo Lubumbashi nzima huliona,
nikiligeukia linatoweka,
nikilipa bega, linarudi.

Usiku umeme ukirudi, Numbi hunisomea simu yake.
Anasoma Kifaransa, ananigeuzia Kiswahili, akikwama anafyonza.
Kuna nchi, anasema, ambako huchukua kiinitete cha siku tano,
kilichobaki kwenye barafu baada ya wenyewe kupata mtoto,
kidogo kuliko punje ya chumvi,
na ndani yake mna seli ambazo hazijaamua.
Hazijaamua kuwa ini, wala mfupa, wala ukucha.
Wanazilea ziwe zulia la jicho, wanazipanda.
Kwa watu wachache tu. Bado wanajaribu, nkambo.

Rudia, nikamwambia.
Siyo hapo. Pale pa "hazijaamua."

Nimekata vitambaa miaka arobaini.
Naijua ile saa kabla ya mkasi,
kitambaa kimelala mezani,
bado ni shati, bado ni sketi, bado ni sanda.

Sikulala.
Nilimkumbuka yule wa mwaka mshahara wa kampuni ulipokatika,
aliyetoka kabla hajajaza kiganja.
Nilimfunga kwenye kipande cha merikani,
baba yao akachimba nyuma ya jiko.
Jina hatukumpa. Lakini kile kitambaa nilikipiga pindo,
pande zote nne, kwa mkono.
Kwa hiyo msiniambie ni kitu kidogo.
Na msiniambie nisitamani.

Kwenye maombi Mama Kapinga aliniuliza:
utaona kwa jicho la mtoto wa watu?
Sikumjibu. Nilitazama hereni yake
ili niuone mdomo.

Ningependa kumuuliza yule mama wa mbali, aliyetia sahihi:
kalamu ilikuwa nzito?
Ulirudi nyumbani ukapika nini?
Ningekushonea kitu, ila vipimo vyako sina.

Mimi sidai mengi.
Nataka tundu la sindano.
Nataka uzi upite mara ya pili, ya kwanza ni ya kulamba.
Nataka uso wa Numbi siku atakayovaa joho,
uso, siyo sikio,
pamoja na kovu la tetekuwanga juu ya unyusi
ambalo vidole vyangu vinalijua bado.

Miaka kumi, anasema. Labda.
Nina sitini na minane.
Nimeshika utepe wa kupimia, nikabana kidole kwenye sitini na nane,
nikapapasa sentimita kumi mbele.
Upana wa kiganja, basi.
Na utepe wenyewe unafika mia moja na hamsini.

Numbi, acha simu.
Nitungie uzi mweusi, sindano tatu.
Gauni la watu ni la Jumamosi.