Tundu

Sonara Nambunga, pale Ndoro, Lindi,
hatazami uso wa mtu kabla ya kuisikiliza fedha.
Kaigonga rupia ya Bibi Somoe juu ya kioo:
ikalia kidogo, kama kijiko kikombeni mwa jirani.
Akaipima. Gramu kumi na moja, kasoro.
"Imelika," akasema. "Na hili tundu ni nusu ya bei."

Ya pili nimeletewa na shemeji:
toleo la kumbukumbu, 1904 imechapwa upya,
kofia ile ile ya tai, masharubu hayajaguswa na mtu,
boksi la mahameli, cheti chenye namba.
Hiyo ililia ndefu. Watu wawili dukani wakageuka.

Nikawaza: fedha iliyolika imekwenda wapi?
Kodi ya kibanda ilichukua zake, hii ikasalia
na jasho la mkonge wa Kikwetu.
Kisha dole gumba la Bibi, miaka sitini,
akihesabu moja, moja, tena moja.
Kisha shingo yangu, mwaka wa surua:
aliitoboa kwa msumari wa mlango, akatia uzi mweusi,
nikaitafuna usiku kucha.
Basi nyingine nimeimeza mwenyewe.

Nikauza mpya. Nikaomba anibakishie boksi tu.
"Boksi ndilo lenye bei," akacheka.

Haidhuru.
Ile kuukuu nimeifunga penye pindo la kanga,
mafundo mawili,
na njia nzima hadi Mitema
inanigonga goti
kama mtu anayedai.