Lundo

Saa nane usiku, Katuba. Umeme umerudi
na jenereta ya jirani imenyamaza katikati ya kikohozi.
Numbi, programu yako imekufa tena.
Faili elfu moja na ishirini na nne ziko wazi;
ile iliyofuata ilipobisha hodi
mfumo ukasema: mikono yangu imejaa.

Unaniambia uliandika kila kitu kijifunge chenyewe
siku mkusanyaji taka atakapokipitia.
Siku gani, Numbi?
Kumbukumbu bado ina nafasi, mkusanyaji kalala.
Yeye haamki kwa sababu mlango uko wazi.
Huamka nyumba ikijaa.

Sogeza kiti.
Anaanzia kwenye mizizi.
Anashika mkono wa kwanza, nao unashika wa pili,
wa pili wa tatu, hadi ncha;
kila aliyeshikwa anapakwa chokaa kidogo kwenye paji.
Kisha anageuka na fagio.
Asiye na chokaa haulizwi kosa lake.

Na wawili walioshikana wao kwa wao?
Niliuliza hivyo hivyo nilipokuwa nikisoma.
Wanafagiwa wote wawili, wakiwa wameshikana.

Baba yangu na mzee Masengo
walichoma shaba miaka ishirini na sita, tanuri moja.
Mwaka walipopewa karatasi ya kwenda nyumbani
walianza kusindikizana dirishani kwa keshia
kila tarehe tano, mmoja akimshuhudia mwenzake:
huyu namjua;
na mimi namjua huyu.
Keshia alipitisha kidole kwenye daftari, juu hadi chini,
akafunga dirisha.

Ndiyo, kuna neno la mwisho.
Kitu kikiisha kuhukumiwa kinaweza kuitwa kando kiseme wasia.
Lakini foleni ni moja, uzi ni mmoja,
na aliye mbele yako akianza hadithi ndefu
mtasubiri mpaka programu izimwe,
wasia umebaki mdomoni kama tonge la bukari la moto.
Hakuna aliyekuahidi kusikilizwa.

Wapo wajanja. Katika neno lao la mwisho
wanaandika jina lao kwenye ukuta wa aliye hai
na fagio linalazimika kupita kando.
Kesho asubuhi utazame ule mlima mweusi karibu na bomba la moshi:
makapi ya tanuri, yaliyomwagwa kabla babu yangu hajafika mjini,
hayakuwa na mwenyewe,
watoto wa shule waliyachora tu madaftarini,
mpaka mtu akasema, ndani mna kobalti.
Mara malori. Mara mizani. Mara walinzi na mbwa.
Lundo likapata mizizi.
Lakini kaa ukijua: anayefufuka hivyo
mara ya pili haitwi kando. Anafagiwa kimya.

Baba hakungoja foleni.
Juma lake la mwisho, kifua kikipiga filimbi,
alimrudishia Masengo pampu ya baiskeli,
akalipa makaa ya mama Kabulo, franka kwa franka,
akajitoa kwenye chama cha akiba,
akaniita nizime redio.
"Si kwa sababu nakufa," alisema.
"Kwa sababu nimemaliza kusikiliza."

Basi andika hapa, chini ya mstari huu: funga.
Hata mambo yakiharibika katikati, funga.
Ulichokifungua wewe kifunge wewe,
mkusanyaji mwachie usivyovikumbuka.

Numbi anaandika, vidole viwili, polepole.
Keshokutwa ni tarehe tano.
Mzee Masengo atapita na baiskeli yake,
atagonga lango kwa ile pampu, kama kila mwezi,
nami nitavaa viatu, twende dirishani
niseme: huyu namjua.