Ukuta wa Jasi

Walichukua nyama ya kulungu kutoka kwenye friza,
redio ya marehemu Orrin, na mkebe wa sarafu.
Dirisha la jikoni walilivunja kwa adabu,
vigae wakavisogeza pembeni
kana kwamba wangerudi kufagia.
Askari wa kaunti alifika baada ya dakika arobaini na moja.
Nilizihesabu, nimesimama na chuma cha kuchochea moto,
theluji ikiingia bila hodi.

Jumamosi nikaenda kwa Delmar Haugen,
duka lililo kati ya kinyozi na muuza mbegu.
Akanitolea kwanza ile ya rangi ya waridi.
Nikamtazama.
Akairudisha kabatini.

"Hii ndogo inakaa mfukoni kama pakiti ya sigara."
Ndogo, ndiyo. Lakini kwenye uwanja wa shabaha, nyuma ya duka,
ilinipiga teke hadi kiwiko.
Chuma chepesi hakimezi mshindo;
hukutemea wewe kiganjani.

Ya pili, sehemu ya juu haikuvutika.
Vidole hivi vimeshika usukani wa basi la shule
miaka ishirini na sita, na baridi yabisi imevilipa pensheni.

Ya tatu ilikwama risasi ya saba.
"Hutokea," akasema Delmar.
Nikamwambia: mlango wa basi langu ukigoma mara moja kwenye barafu,
hapandi mtoto mpaka fundi aje.
Hutokea si neno la kuniuzia mimi.

Ya nne haikuwa na sura.
Nyeusi, butu, kama kifutio cha ubao.
Kitako kikajaa kiganja,
kidole cha mwisho kikapata pa kukaa.
Nikafyatua mia mbili siku hiyo, mia mbili Jumamosi iliyofuata,
za bei rahisi, za bei ghali,
mkono wa kulia, wa kushoto, na glavu nimevaa.
Kila mara mlio uleule, ganda lileule likiruka kulia.
Nilipoanza kupiga miayo,
nikajua nimeipata.

Nikaivaa chini ya sweta siku tatu, haina risasi,
nikafua, nikainama kumlisha paka,
nikafunga kamba za viatu.
Kiuno kikajifunza uzito.
Siku ya tatu, sokoni, Ottilie alifungua mikono anikumbatie;
nikarudi nyuma nusu hatua.
Hakujua kwa nini.
Hiyo nusu hatua haikuandikwa kwenye bei.

Nilipokwenda kulipa, nikauliza
swali nililolibeba tangu mwanzo:
ikitoka, inaishia wapi?
Delmar akagonga ukuta wa ofisi kwa kifundo cha kidole.
Jasi. Unga mgumu uliovikwa karatasi.
"Hizi zenye shimo kichwani hupungua kasi zikimpata mtu.
Zikimkosa, ukuta mmoja zinapita.
Wa pili pia, pengine."
Hakupepesa macho. Namshukuru kwa hilo.

Upande wa pili wa sebule yangu analala Maren, mjukuu,
miaka sita,
anayetaja majina ya farasi usingizini.

Nikajaza fomu. Nikaandika jina langu lote,
mara ya kwanza tangu cheti cha kifo cha Orrin.
Nikaongeza kasha la chuma lenye tarakimu,
na taa ya mkononi, maana usiku
kila mtu ana umbo la mwizi.

Jioni ile, bastola ikiwa bado ndani ya boksi,
nilikishika kitanda cha Maren miguuni
nikakiburuta hadi chumba cha kushonea,
nyuma ya dohani la matofali.
Sakafu ikabaki na mikwaruzo minne.

Asubuhi akauliza,
"Bibi, mbona farasi wangu wamehamia huku?"
Nikamwambia dirisha hili lina jua.

Ni dirisha la kaskazini.
Naye ni mtoto wa Dakota,
anajua jua linakopita.