Mtungi Unaoizunguka Dunia

Ghorofa ya tatu, Ngara, saa tano usiku,
mtungi wa gesi unaizunguka dunia kwenye skrini yangu.
Mteja anataka mstari uufuate nyuma,
wa manjano, mwembamba, kama uzi wa fundi cherehani.

Nautia alama, fremu kwa fremu.
Nabonyeza. Duara halifungi.
Mstari unajisokota kwenda mbele
kama waya wa jiko la umeme,
maana dunia nayo niliiachia itembee
nikasahau.

"Nataka mviringo, Kwamboka," asema Muriuki kwenye simu.
"Watu wanaelewa mviringo."

Basi nikaipigilia dunia msumari.
Ikatulia. Mstari ukarudi ulipoanzia,
safi,
wa uongo.

Chini, mlinzi anaburuta lango.

Kila Desemba hurudi Nyamira
nikidhani narudi palepale:
kiti kilekile, sufuria ileile ya mpini uliolegea.
Kumbe mama amesogea.
Mgongo umeinama kidogo zaidi,
na mwaka jana aliniita kwa jina la dada yake,
nikaitika.

Faili la Muriuki nimelituma.
Lile lililojisokota sijalifuta,
sijalipa jina.
Linazunguka
likienda.