Mshika Tochi

Mvua ya Aprili iliingia kanisani kwetu Mukuru
bila kupiga hodi, ikapanda hadi madhabahuni.
Saa saba usiku tukaitana kwa simu.

Mzee Mutinda, ambaye Jumapili hunena kwa lugha
hata watoto waliolala wakashtuka,
usiku huo hakunena. Alizibua mtaro kwa mikono mitupu.
Kerubo alikuwa na chai tayari,
sijui alikoka moto lini, wala kwa makaa ya nani.
Mchungaji alitaka kuokoa kinanda kwanza.
"Weka hicho chini," akasema Nekesa, mfagiaji wetu,
"nyuma ya ukuta huu kuna mama mjamzito."
Na mchungaji akaweka. Akatii.

Mimi sina sauti ya kwaya.
Nikiombea mgonjwa, kesho yake analazwa.
Mwaka mzima nimekuwa nikimwuliza Mungu:
siku ya mgao, jina langu lilirukwa?
Nilichokuwa nacho ni tochi ya kibandani kwangu,
betri zimechoka.
Nikasimama majini, namulika:
hapa pana shimo, hapa pana waya,
kanyaga hapa, mama, polepole.

Alfajiri tukala mkate uliolowa.
Mutinda, kucha nyeusi kwa tope, akanigusa bega:
"Bila wewe ningezibua nini gizani?"

Sikumjibu. Nilikuwa napanga viatu
vilivyoelea hadi mlangoni,
cha kushoto kikitafuta cha kulia.