Filimbi ya Elinami

Kichwa kilikua, shingo ikabaki palepale.
Mwezi wa nne kofia ya ubatizo ilikataa kuingia.
Mwezi wa sita macho yakaanza kuzama chini
kama jua lililochoka.

Mama Ndeshi, tunayechangia naye mfereji hapa Kidia,
alifunua kitambaa, akashusha sauti:
"Huyu si wako. Huyu ni wa kule juu.
Wakonyingo wamekuachia wao, wamechukua wako.
Mpandishe msituni alfajiri, mweke,
geuka, usitazame nyuma."
Alisema bila ubaya,
huku ananimenyea ndizi za mtori.

Wodini, mjini Moshi, Sista Fidelma
alipima kichwa kwa utepe wa fundi cherehani.
Nikamwambia yale. Akakaa kitandani,
na masista hawakai vitandani.
"Hata kwetu wapo," akasema,
Kiswahili chake kikipanda na kushuka,
"kwetu, kwenye mvua isiyo na msimu.
Hatuwataji. Tunawaita Watu Wema,
kama unavyomsifu mbwa usiyemjua.
Wanakaa ndani ya kilima.
Mti wao wa miiba haukatwi.
Maji machafu humwagi usiku kabla ya kuwaonya.
Unawaachia maziwa kizingitini,
na juu ya susu unalaza chuma,
maana hupenda watoto wenye afya
na huacha wao: mlafi, mkimya, uso wa kizee."

Dripu ikahesabu, tone, tone.

"Dada wa bibi yangu alikuwa haongei.
Wakachemsha maji ndani ya maganda ya mayai
ili ashangae, acheke, ataje umri wake wa kweli.
Hakucheka.
Wakamweka juu ya sepetu, usiku, kwenye samadi,
wakafunga mlango, wakangoja wenyewe waje wabadilishe.
Kulipokucha wakafungua.
Aliyerudishwa alikuwa yuleyule,
ila baridi."

Elinami alipitishiwa mrija chini ya ngozi,
toka kichwani hadi tumboni,
mfereji mwembamba, kama ule wa babu zetu
walioshusha maji ya mlima
bila kubomoa shamba la mtu.

Nikiwa nangoja nje ya chumba cha upasuaji
nilimkumbuka bibi, mzaa baba.
Mama Ndeshi alishika nusu ya hadithi.
Bibi alisema: ni kweli, wana vichwa vizito,
hulala wameegemea ukuta,
maana akianguka mmoja hawezi kujiinua.
Kwa hiyo kila mmoja ana pembe kiunoni.
Akianguka, hupuliza,
na kijiji kizima huacha chungu motoni.
Kijana mmoja wa kwetu aliwakuta, akawauliza,
"Nyie watoto, wazazi wenu wako wapi?"
Wakamwambia kwa adabu angoje.
Bibi alicheka hadi akakohoa: angali anangoja.

Soko la Memorial, kwenye meza ya mitumba,
nilinunua filimbi ya refa, shilingi elfu moja,
mdomo wake umetafunwa na meno nisiyoyajua.
Niliichemsha mara mbili. Nikaitia kamba.

Ana miaka saba sasa. Anahesabu kuku,
anawazidishia, anagombana nao kwa majina.
Akianguka, hawezi kujiinua.

Juzi nilikuwa bondeni nakata majani ya ng'ombe,
nikaisikia:
moja ndefu, mbili fupi.
Nikatupa mundu. Nikapanda ule mteremko kwa magoti,
migomba ikinipiga usoni,
nikiomba, nikitukana, sikumbuki kipi kilitangulia.

Uani palikuwa na mtu.
Mama Ndeshi, kanga moja, peku,
unga wa mahindi mikononi hadi viwikoni.
Hakuniangalia.
"Shika miguu," akasema.

Kichwa alikuwa amekwisha kukipakata yeye.